Mgeni wa Siku ya Tatu

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa vijana tisa tu. Tulianza kama kijiwe cha kawaida, chini ya mwembe, kila Jumamosi jioni. Mtu analeta shairi au hadithi, anasoma, wenzake wanamchana bila kumwonea haya. Baadaye masomo na kazi vikatutawanya, huyu Mwanza, yule Mombasa, wawili Dodoma. Basi tukahamishia kijiwe kwenye simu, tukafungua kundi. Watu tisa kwenye simu ni raha. Ukikaa kimya siku mbili unaulizwa kama unaumwa. Ukituma shairi bovu unaambiwa ni bovu, na hununi, maana anayekuambia ameshakula ugali kwenu.

Leo tuko 214. Hakuna aliyeamua tufike huko. Huyu kamleta rafiki yake, rafiki kamleta binamu yake, binamu kasambaza anwani ya kujiunga darasani kwao. Asubuhi unaamka unakuta ujumbe mia tatu: salamu, dua, matangazo ya viwanja, mzozo wa mpira, na katikati yake, kama punje ya mchele kwenye pumba, hadithi moja ambayo hakuna aliyeisoma.

Mwezi uliopita akaingia binti mmoja, mwanafunzi wa kidato cha tano. Siku ya pili akatuma shairi lake la kwanza. Ni kweli vina vilikuwa vinachechemea na mizani haikukaa. Mkongwe mmoja akanukuu ubeti mmoja, akaweka na kikatuni. Watu wakacheka. Mimi nami nikatupia mzaha wangu, na mzaha wangu ndio uliochekwa kuliko yote. Baada ya dakika kama kumi tukaona yale maandishi madogo yanayotangaza kuwa mtu ametoka kwenye kundi.

Tangu hapo wakongwe tumegawanyika. Wako wanaotaka tufunge mlango, tubaki tisa tena. Wako wanaosema fasihi si mali ya watu tisa. Tumepanga kuamua Jumamosi hii inayokuja. Mimi, kwa kuwa sikuwa na jibu, nikaenda kusoma. Kumbe ugomvi wetu una zaidi ya miaka arobaini! Wenzetu waliupigana kabla wengi wetu hatujazaliwa, na waliacha mafunzo, mengine machungu. Nimeona niyaandike hapa.

Ubao wa Chicago

Januari 1978 theluji nyingi iliangukia jiji la Chicago, Marekani, watu wakakwama majumbani. Miongoni mwao alikuwa Ward Christensen, mfanyakazi wa kampuni ya IBM, na rafiki yake Randy Suess. Wote walikuwa katika klabu ya wapenzi wa kompyuta, na klabu hiyo, kama klabu nyingine yoyote, ilikuwa na ubao wa kubandikia vikaratasi: nauza hiki, natafuta kile, mkutano ni siku fulani. Wakawaza: kwa nini ubao huo usiwe ndani ya kompyuta, mtu akapiga simu kutoka kwake, akausoma, akabandika na lake? Christensen akaandika programu, Suess akaunganisha mitambo. Tarehe 16 Februari 1978 ndiyo waliyoitaja kuwa siku ya kufunguliwa kwa ubao wao.

Sasa angalia jambo moja. Mashine ile ilikuwa na laini moja tu ya simu. Akiwemo mmoja ndani, mwingine akipiga anakuta laini ina mtu, asubiri. Na maandishi yalikuja polepole, karibu herufi 30 kwa sekunde, unaweza kuyasoma yanavyotokea. Hapo kelele ingetoka wapi? Mtu alisubiri zamu, akaingia, akasoma walivyosema waliomtangulia, akaandika, akatoka. Udogo wa ubao ule haukutokana na busara ya mtu. Ulitokana na simu.

Hilo ndilo la kwanza nililojifunza. Vijiwe vingi vidogo huwa na adabu kwa sababu ya kitu ambacho wenyewe hawakiangalii: laini moja ya simu, uhaba wa viti, kivuli cha mwembe kisichotosha watu kumi na watano. Kitu hicho kikiondoka, ndipo tunapojua kama adabu ilikuwa yetu au ilikuwa ya mwembe.

Mti usio na mlango

Mwaka huohuo wa 1978, kule San Francisco, watu wengine walifungua ubao walioupa jina la CommuniTree. Hawa walikuwa na ndoto kubwa zaidi. Waliamini kwamba mazungumzo ya namna hii yangeweza kuibadili jamii yenyewe. Ujumbe wako hukuubandika popote, uliuning'iniza chini ya ujumbe unaoujibu, kama tawi juu ya tawi, hadi mazungumzo yanakuwa mti mzima. Walizungumza mambo mazito, dini, falsafa, maisha ya baadaye.

Mtafiti Allucquère Rosanne Stone ndiye aliyesimulia mwisho wake. Mwaka 1982 kompyuta za Apple zilianza kuingia kwa wingi mashuleni, na wavulana wakapata modemu na namba za simu. Wakaugundua mti. Wakaujaza matusi. Wenyewe walikuwa wameujenga kwa imani kwamba kufuta maneno ya mtu ni dhuluma, kwa hiyo mashine haikuwa na njia nyepesi ya kuona ujumbe unaoingia wala kuuondoa mbaya. Kila siku diski ilijaa uchafu. Baada ya miezi michache mti ukafa.

Niliposoma habari hii nilitaka kuwakasirikia wale watoto. Lakini hebu tujiulize: walifanya nini ambacho mtoto yeyote hafanyi akikuta nyumba iko wazi, hamna mtu sebuleni wa kumwambia "karibu, vua viatu"? Waliojenga mti ule walifikiria sana juu ya matawi, wakasahau kizingiti. Waliwapenda binadamu kwa jumla, lakini binadamu mmoja mmoja, mwenye miaka kumi na minne na ulimi mchafu, hawakumwandalia neno.

Nyumba iliyofundisha

Mwishoni mwa mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kuzifanya kompyuta za vyuo zipokezane habari kwa simu. Steve Bellovin, wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilicho jirani, akaandika programu ya kwanza. Jina lake likawa Usenet. Usiku mashine moja ilipigia nyingine simu, ikaipa yaliyoandikwa mchana, nayo ikayapeleka kwingine. Waanzilishi walidhani habari zingekuwa moja au mbili kwa siku. Moja au mbili! Kabla miaka ya 1980 haijaisha, vikundi vya mazungumzo vilikuwa mamia, kila kimoja na mada yake: mapishi, sayansi, riwaya, utani, siasa.

Usenet haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa na wale waliolipia mashine kubwa na simu za mbali, na kwa kuwa ndio waliolipa, walitaka kuamua. Kati ya mwaka 1986 na 1987 walibadilisha majina ya vikundi vyote na kuvipanga upya katika mafungu saba. Ugomvi ukawa mkubwa. John Gilmore, Brian Reid na Gordon Moffett hawakuridhika, wakaanzisha fungu lao wenyewe mwaka 1987, ambako mtu angeweza kufungua kikundi bila kumwomba mkubwa yeyote ruhusa. Ndivyo ilivyo hata kijiweni. Ukimkatalia mtu kiti, ataleta gogo lake akalie.

Lakini nisichoweza kukisahau ni jinsi nyumba hii isiyo na mwenyewe ilivyojitungia mila. Maandishi hayana uso. Kijiweni nikikutania unaniona nikitabasamu. Kwenye maandishi utani wangu unakufikia uchi. Mwaka 1982, katika ubao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, watu walitaniana eti lifti moja ya chuo imemwagikiwa zebaki, na wengine wakaichukulia kuwa onyo la kweli. Tarehe 19 Septemba 1982 Scott Fahlman akapendekeza kwamba kila mzaha uwekewe alama hii :-) ili asomaye aukunje shingo na kuona tabasamu. Vile viuso vya manjano tunavyorushiana leo ni vitukuu vya alama ile. Havikuzaliwa kwa mchezo. Vilizaliwa kwa sababu watu walikuwa wanaumizana bila kukusudia.

Usenet nayo ikatunga vyake. Utani wenye maneno makali uliandikwa kwa kubadilisha herufi, ili asiyetaka asiusome kwa bahati mbaya. Aliyechoshwa na mtu fulani aliweza kuiamuru programu yake isimwonyeshe tena maneno ya mtu huyo, bila kumfukuza wala kumtukana. Maswali ambayo kila mgeni huuliza yalikusanywa pamoja na majibu yake, yakabandikwa kila baada ya muda ili wakongwe wasichoke kujibu na wageni wasione aibu kuuliza. Palikuwa hata na kikundi maalumu cha kuwaelekeza wageni, na mwongozo ulioandikwa na Chuq Von Rospach, ambao ulimkumbusha mtu jambo la kwanza kabisa: upande wa pili wa mashine kuna binadamu.

Na kila Septemba palikuwa na mavuno. Vyuo vya Marekani vinapofungua mwaka, wanafunzi wapya walipewa ruhusa ya kutumia kompyuta, wakamiminika Usenet kama watoto waliofunguliwa geti. Wakauliza yaliyokwisha ulizwa, wakapiga kelele, wakatukanana. Wakongwe waliiogopa Septemba kama mkulima anavyoogopa nzige. Lakini nzige hawa walikuwa na mwisho. Wiki kadhaa wageni wanafundishwa, wanaonywa, wanapewa mwongozo wasome. Waliochoka wanaondoka. Waliobaki wanakuwa wenyeji, na Septemba ijayo wao ndio wanaowafundisha wengine.

Si ndiyo methali yetu hiyo? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia kumsema mgeni mvivu. Mimi naisikia tofauti sasa. Anayeagizwa afanye kitu ni mwenyeji: *mpe*. Usipompa jembe, siku ya nne usimlaumu kwa kukaa.

Septemba isiyokwisha

Mwaka 1993 kampuni zilizouza huduma za mtandao majumbani zilianza kuwafungulia wateja wao mlango wa Usenet. Delphi ilitangulia. Mapema mwaka 1994 ikafuata America Online, kampuni iliyosambaza diski zake kwa posta kila nyumba kama vipeperushi vya uchaguzi, na ambayo wateja wake walikuwa wa kuhesabiwa kwa laki. Hawa hawakungoja Septemba. Walikuja Januari, wakaja Machi, wakaja kila siku. Mtumiaji mmoja akaandika mwanzoni mwa mwaka 1994 kwamba Septemba ya 1993 itakumbukwa kuwa Septemba ambayo haikwisha. Jina likaganda hadi leo.

Kisha likaja pigo jingine, na hili vijana wa Afrika Mashariki tutalielewa haraka. Tarehe 12 Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel, walibandika tangazo moja katika vikundi zaidi ya 5,000. Mada ya kikundi haikuwahusu. Waliosoma habari za paka walilikuta, waliosoma hisabati walilikuta. Tangazo lilihusu nini? Bahati nasibu ya ukaazi wa Marekani! Ileile ambayo kila mwaka vijana wa kwetu walikuwa wakipanga foleni kwenye vibanda vya intaneti kupigiwa picha na kujaziwa fomu. Mawakili wale waliuza msaada wa kujaza fomu. Watu walikasirika, wakatuma malalamiko mengi hadi mashine ya kampuni iliyowapa huduma ikazidiwa. Wale wawili hawakuomba radhi, bali waliandika kitabu cha kuwafundisha wengine jinsi ya kutajirika kwa njia hiyo.

Wengi wakisimulia habari hizi huishia hapo: wenyeji walikuwa na nyumba nzuri, wageni wakaja, nyumba ikaharibika. Jamaa zangu wanaotaka kufunga mlango wameipenda sana simulizi hii. Mimi sikubali, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza, hao wenyeji walikuwa nani? Wengi wao walikuwa wanaume wa Marekani wenye nafasi katika vyuo vikuu, maabara na kampuni kubwa. Mashine hawakuinunua wenyewe, simu hawakuilipia. Kijana wa Mbagala mwaka 1990 hata angekuwa na adabu za malaika asingeingia mle. Huku kwetu mambo yalipitia uchochoro mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika kadhaa mjini Nairobi yalipelekeana barua kwa Fidonet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984, ambamo kompyuta ndogo za kawaida zilipigiana simu na kupokezana mizigo. Kwa hiyo mtu akililia siku njema za zamani, muulize kwanza: zilikuwa njema kwa nani?

Ya pili ndiyo iliyonichoma. Mwanzoni mwa miaka ile ya 1990, katika kikundi cha Usenet kilichojadili uvumi na ngano za mjini, wakongwe walikuwa na mchezo wao. Mmoja huandika jambo la kijinga kwa makusudi, jambo ambalo wenyeji wote walishalijadili hadi likachuja, kisha hukaa kungoja mgeni atakayeingia kwa kishindo kulisahihisha. Mgeni akinasa, wenyeji wanacheka. Waliuita uvuvi, uvuvi wa kukokota ndoano majini. Neno lao hilo la uvuvi ndilo leo linalotumika dunia nzima kumwita mchokozi wa mitandaoni. Tunadhani wachokozi waliletwa na wageni. Kumbe mchezo huu wenyewe waliucheza, tena kwa kujivunia, waliokuwemo siku nyingi!

Na ninajua wanavyofikia hapo, kwa sababu nimefika. Mara ya kwanza unamweleza mgeni kwa upole kuwa mizani ni kuhesabu silabi. Mara ya kumi unamwelekeza asome huko juu. Mara ya hamsini umechoka, na mwalimu aliyechoka akikosa wa kumpokea huwa mzomeaji. Dharau yangu kwa yule binti haikutoka kwenye ujuzi. Ilitoka kwenye uchovu. Sisi tisa hatukuweza kuwafundisha watu 205, hivyo tukaanza kuwacheka.

Nani ashike ufunguo?

Wengine katika kundi letu wanasema dawa ni kuweka mkubwa mwenye rungu. Hilo nalo limejaribiwa.

Mwaka 1990 Pavel Curtis, mtafiti wa kampuni ya Xerox huko California, alifungua LambdaMOO, nyumba iliyojengwa kwa maneno matupu. Ukiingia unasoma kuwa umo chumbani, unasoma nani yumo nawe, unaandika unachofanya na wenzako wanakisoma. Ramani yake aliitoa kwenye nyumba aliyoishi mwenyewe. Watu walipoongezeka, magomvi yakaongezeka, na wasimamizi wakawa wanaamua kesi usiku na mchana. Desemba 1992 Curtis akatangaza kuwa wao watashughulikia mitambo tu. Mambo ya watu, watu wayaamue.

Miezi michache baadaye, mwaka 1993, mtu mmoja aliyejiita Mr. Bungle alitumia hila ya programu kuwaandikia wenzake vitendo vya udhalilishaji wa kijinsia, mbele ya hadhara, kana kwamba wamevifanya wao. Walioumia waliumia kweli. Ukaitishwa mkutano, watu wakajadiliana: ana hatia gani mtu aliyetenda kwa maneno tu? Nani ana haki ya kumfukuza? Mkutano ukaisha bila uamuzi. Usiku huo msimamizi mmoja, peke yake, akamfuta. Mwandishi Julian Dibbell alisimulia mkasa huo katika gazeti la The Village Voice Desemba 1993.

Baada ya hapo Curtis akaweka utaratibu wa kukusanya saini na kupiga kura. Unafikiri walitulia? Walitunga sheria juu ya sheria, wakabishana juu ya sheria za kutunga sheria. Mwaka 1996 wasimamizi wakatangaza kwamba lile wazo la kujitenga na mambo ya watu halikuwezekana, na kwamba wangekuwa wakiamua tena. Sisemi kura ni mbaya. Nasema hakuna rungu wala sanduku la kura linaloweza kufanya kazi ya watu wanaofahamiana.

Mlango wenye bei

Rafiki yangu mmoja, fundi simu, alinishauri: "Wekeni kiingilio, bwana. Cha bure hakina heshima." Hili nalo lina mfano wake. Mwaka 1985 Stewart Brand na Larry Brilliant walianzisha The WELL karibu na San Francisco. Ulilipa kila mwezi, na ulilipa kwa kila saa uliyokaa. Hukuweza kujificha, jina lako la kweli lilijulikana. Kanuni kuu ilikuwa kwamba kila mtu ni mwenye maneno yake, na ndiye atakayeyajibia. Wenyeji wengi waliishi eneo moja, wakawa wanakutana kwa chakula, wakauguzana, wakazikana. Howard Rheingold, aliyekuwa mwenyeji mle, aliandika kitabu juu ya maisha hayo mwaka 1993. Nyumba ikauzwa huku na huko, na mwaka 2012 wanachama wenyewe wakachanga dola 400,000 wakainunua.

Ni kisa kizuri. Lakini tusikinunue kizima. Kiingilio kingemzuia nani kwetu? Mwenye kuuza viwanja angelipa kesho asubuhi. Asiyeweza kulipa ni yule binti wa kidato cha tano. Na jina la kweli si salama kila mahali. Hapa Tanzania Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha mwaka 2006 baraza ambalo baadaye liliitwa JamiiForums. Wengi mle waliandika kwa majina ya kubuni, na ndiyo maana walithubutu kuandika walichokijua. Desemba 2016 Melo alikamatwa na kushtakiwa katika sakata la kukataa kutoa taarifa za wanachama wake kwa polisi. Kuna nyumba ambazo jina la kweli ni heshima, na kuna nyumba ambazo jina la kubuni ndilo paa.

Kufunga ni nusu ya kazi

Kisa cha mwisho ni cha majirani. Mkenya David Kobia, aliyekuwa akiishi Marekani, alikuwa na baraza lililoitwa Mashada, ambako Wakenya wa nyumbani na wa ughaibuni walipiga soga kwa miaka. Ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na machafuko yake. Mle barazani watu waliotaniana miaka yote wakaanza kutukanana kwa makabila, na matusi yakawa ya kutisha wakati nje watu wanakufa. Januari 2008 Kobia akafunga baraza.

Lakini hakuishia kwenye kufuli. Alifungua mahali pengine, akapaita kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Sina kabila", akawaalika watu waandike juu ya hilo tu. Na katika wiki hizohizo akawa miongoni mwa waliojenga Ushahidi, mtambo wa kukusanya taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi wenyewe. Tazama tofauti. Watu ni walewale, vidole ni vilevile. Kilichobadilika ni swali walilolikuta mlangoni na kazi waliyopewa mkononi.

Jembe letu

Sasa, ndugu msomaji, Jumamosi ndiyo hiyo imefika. Nitasimama chini ya mwembe, maana tumekubaliana tulio karibu tukutane uso kwa uso, na nitasema hivi.

Tusifunge mlango. Ila tusiuache wazi kama wale wa mti wa San Francisco, walioamini upendo unatosha. Tupunguze mwendo. Kila mwezi waingie wageni tisa tu, mmoja kwa kila mkongwe. Huo ndio uwe wingi wa Septemba yetu, wingi tunaoumudu. Kila mgeni apewe mtu wake, mwenye jina, wa kumsomea kazi yake kabla haijaenda mbele ya wengine. Na mwezi wa pili apewe kazi: asome hadithi mbili za wenzake aandike alichokiona, au akusanye maswali ya vina na mizani tunayoulizwa kila siku, na majibu yake. Hao waliokwisha ingia, mia mbili na ushee, tuwagawe makundi madogo, na makundi hayo yawe na wasimamizi kutoka kwao wenyewe. Mzaha juu ya kazi ya mtu uwe ruksa kwa yule tu aliyekwisha isoma yote na kusema kitu kimoja cha kumsaidia.

Najua watasema ni kazi kubwa. Ni kweli. Usenet ilikuwa na watu werevu kuliko sisi, na kazi hii iliwashinda pale wageni walipozidi walimu. Ndiyo maana nasema tisa.

Na kuhusu yule binti. Nilitafuta namba yake, nikamwandikia, bila alama ya tabasamu yoyote. Nilimwambia: "Mdogo wangu, nilikosea. Ubeti wako wa tatu una picha ya mama akipepeta mchele gizani, na sijawahi kuiona kwa mwandishi mwingine. Nilicheka kabla sijafika hapo."

Ujumbe umesomwa. Hajajibu. Sina haki ya kumharakisha. Ila kiti chake tumekiacha, na jembe lake liko mlangoni.